Meno Mawili Nyuma ya Trekta

Trekta la mkulima wa kawaida wa Iringa, Mbeya au Rukwa hufanya kazi kweli kweli kwa wiki chache tu za mwaka. Mvua za kwanza zikinukia, linalima mchana na usiku, la kwako na la jirani. Plau na haro zikishafunguliwa linarudi chini ya mwembe, na kuku wanalala juu ya usukani. Huku nyuma mwenye trekta huyohuyo anawalipa vijana wabebe magunia kichwani, anakodi mkokoteni wa ng'ombe wa kusombea maji, na nguzo za uzio zilizooza anazing'oa kwa mtaimbo hadi jioni.

Zana inayolirudisha trekta kazini ni uma wa kunyanyulia mizigo: fremu ya chuma yenye meno mawili marefu, kama yale ya foklifti ya bandarini. Ulaya na Marekani meno haya hufungwa mbele, kwenye mikono mirefu ya haidroliki. Huku kwetu matrekta yenye mikono hiyo ni machache, kwa hiyo mwongozo huu unahusu uma unaofungwa nyuma, mahali pale pale inapofungwa plau. Mikono mitatu ya nyuma, miwili ya chini na mmoja wa juu, ni kazi ya Harry Ferguson, fundi wa Ireland ambaye mfumo wake ulienea kupitia trekta la Ford 9N la mwaka 1939. Watengenezaji wengine waliufuata, na ndiyo maana uma mmoja unaweza kufungwa leo kwenye Massey Ferguson, kesho kwenye Swaraj au New Holland ya jirani, mradi pini zilingane.

Ujue mapema kitu ambacho uma wa nyuma hauwezi. Haupandi juu. Mikono ya trekta hunyanyua hadi usawa wa kiuno hivi, basi; bodi ya lori la Fuso hauifikii. Anayekuuzia akikuambia utapakia lori kwa uma wa nyuma, mwambie akuonyeshe kwanza. Kazi yake ni kunyanyua kidogo na kusogeza mbali, na shambani kazi nyingi ni za namna hiyo.

Kuupata si vigumu. Kuna uma mpya wa dukani, na kuna wa kuchongesha kwa fundi wa kuchomelea. Ukichongesha, meno yenyewe usikubali yatengenezwe kwa bomba la mraba. Bomba huonekana nene na imara, lakini likielemewa hujikunja ghafla pale kwenye kona. Tafuta meno yaliyotumika ya foklifti halisi, kwa wauza vyuma chakavu wa Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kamukunji kama uko Nairobi. Hayo yamefuliwa kwa chuma kigumu na yamekusudiwa kubeba.

Meno ya zamani yakaguliwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Chukua kipimo, upime unene wa sehemu iliyosimama, ile isiyosuguliwa na sakafu, kisha upime kwenye kisigino, pale jino linapokunjwa na kulala. Kama juu ni milimita 40 na kisiginoni ni 36 au pungufu, liache hapohapo: jino likiisha kwa asilimia 10 linakuwa limepoteza karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na kanuni za viwandani zinataka litupwe. Nyufa nazo hujificha kisiginoni. Safisha kutu, paka mafuta ya taa, yaache yapenye, futa hadi pakauke kabisa, halafu nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi juu na kuchora mstari wenye unyevu kwenye chaki. Mstari ukionekana, hakuna cha kujadiliana bei.

Fundi atapenda kuchomelea meno moja kwa moja kwenye fremu. "Bosi, hii haitoki milele," atakwambia, na kweli haitatoka, ila itavunjika. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma kilichofuliwa, na jino hukatika pembeni mwa weldi. Meno yaning'inizwe kwa kulabu zake juu ya boriti ya fremu, yaweze kusogezwa kushoto na kulia, yazuiwe kwa pini. Kuchomelea kuishie kwenye fremu. Mwambie pia kwamba hutaki meno marefu. Mita 1 inatosha kwa paleti nyingi, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo. Jino refu humshawishi dereva kuweka mzigo mbali, na umbali ndio adui wa trekta, kama tutakavyoona. Matrekta madogo huchukua pini za milimita 22 chini na 19 juu. Ya kati huchukua 28 chini na 25 juu. Pima za kwako kabla fundi hajatoboa.

Sasa uzito, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Mkulima akiulizwa trekta lake linabeba kiasi gani hujibu kwa nguvu za haidroliki: "Linanyanyua tani nzima." Huenda ni kweli. Lakini haidroliki ikinyanyua tani nyuma, magurudumu ya mbele nayo yananyanyuka, na trekta lisilogusa ardhi mbele halina usukani. Kinachoamua mzigo wako ni uzito unaobaki kwenye ekseli ya mbele. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ekseli hiyo isibaki na chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta lenyewe.

Tuchukue trekta la kilo 2,000, ambalo mbele limekalia kilo 800, na umbali wa ekseli hadi ekseli ni mita 1.9. Kitovu cha mzigo juu ya meno kinakuwa kama mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma. Pakia kilo 400. Zidisha kwa 1.6, gawanya kwa 1.9: unaondoa kilo 337 mbele. Zinabaki 463, na kiwango cha chini ni 400, kwa hiyo uko salama. Pakia kilo 600 na mbele zinabaki 295 tu. Usukani utakuwa mwepesi na trekta litakwenda linakotaka. Ukifika kilo 950 pua inaelea. Kwa trekta hili, bila vizito vya mbele, mwisho ni kilo 475. Linganisha na ile tani.

Vizito vya mbele husaidia kuliko watu wanavyodhani. Kilo 100 za chuma zikitundikwa sentimita 60 mbele ya ekseli huongeza kilo 132 kwenye ekseli ya mbele, na mzigo unaoruhusiwa nyuma unapanda hadi karibu kilo 630, kama mikono na matairi ya nyuma vinahimili. Mawe kwenye gunia lililofungwa kwa kamba kwenye bampa hayahesabiki. Yatadondoka bondeni, siku unayoyahitaji.

Ili ujue trekta lako limekalia kiasi gani mbele, nenda kwenye mizani ya magari, ya mnunuzi wa mazao au kiwandani, ukiwa umeufunga uma mtupu. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, soma. Kisha pandisha trekta zima, soma tena. Namba hizo mbili na futi kamba zinatosha kufanya hesabu niliyoifanya hapo juu.

Tukishakubaliana kuhusu uzito, kazi ziko tele. Ya kwanza ni mavuno. Gunia la mahindi la Tanzania huhesabiwa kwa kilo 100, kwa hiyo magunia manne kwenye paleti moja ndiyo mzigo wetu wa kilo 400. Vijana wawili wanayapanga paleti ikiwa chini, trekta linayapeleka ghalani, na paleti inabaki humo humo chini ya magunia. Hapo umefanya kazi mbili kwa mpigo, kwani gunia lililokaa juu ya paleti halinyonyi unyevu wa sakafu, na unyevu ndio mlango wa ukungu na sumukuvu. Acha nafasi ya nusu mita kati ya paleti na ukuta, upite ukiangalia panya na maji. Kwa mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, faida ni kubwa zaidi: ile plastiki ya ndani hutoboka gunia likiburutwa, na ikishatoboka hewa inaingia na wadudu wanaendelea kula. Mfuko uliobebwa kwenye paleti hauburutwi.

Siku ya kupakia lori, uma haufiki juu, lakini usiudharau. Ukisimamisha paleti usawa wa kiuno nyuma ya lori, mbebaji halazimiki kuinama kuchukua kilo 100 ardhini. Anaegemeza mgongo, gunia linamkalia begani, anaondoka. Waulize wabebaji wenyewe kama hawatakushukuru.

Maji yanadanganya watu wengi. Lile tangi jeupe la lita 1,000 ndani ya kizimba cha chuma limetengenezwa lichukuliwe kwa meno ya foklifti, na kila mwenye uma hutamani kulitumia. Likijaa lina uzito wa zaidi ya tani moja, na trekta letu la mfano lingesimama wima. Ukilijaza nusu, maji yanaanza kucheza: unafunga breki yanakimbilia upande mmoja, unakata kona yanakuvuta. Ushauri wangu ni mapipa mawili ya lita 200, yaliyojaa hadi mdomoni na kufungwa vifuniko, yamekazwa kwa mkanda kwenye fremu. Maji yaliyojaa hayachezi. Na pipa lililowahi kubeba dawa za shambani lisipewe maji ya watu wala ya mifugo, hata ulioshe mara saba.

Miche, kreti za parachichi za wakulima wa Njombe, marobota ya nyasi, matofali, mifuko 8 ya saruji: hizi hazihitaji maelezo. Panga paletini, funga, peleka. Matawi yaliyopogolewa nayo ni mzigo mzuri. Unarudi kinyumenyume meno yakiwa yanagusa ardhi, yanapita chini ya lundo, unanyanyua rundo zima la miiba bila mtu kuchomwa.

Nyuki wanataka utaratibu. Ukiwa na mizinga ya Langstroth, iweke minne juu ya paleti moja tangu mwanzo, midomo ikitazama nje, uzito ukiwa unajulikana. Kuihamisha kufuata maua ya alizeti kunakuwa kazi ya jioni moja. Subiri jua lizame na nyuki wote warudi, ziba midomo kwa wavu unaopitisha hewa, kaza mikanda, kisha ndipo ulete trekta, injini ikizunguka polepole. Dereva avae mavazi ya kinga kama mrina asali mwenyewe, maana nyuki wetu hawana mzaha na mtikisiko. Usiwahamishe mita mia tatu. Asubuhi wataruka na kurudi kiwanja cha zamani, wafe hapo wakitafuta mzinga. Wafugaji hupeleka mbali, kilomita 5 hivi na kuendelea, au husogeza kidogo kidogo kwa hatua moja.

Nguzo za uzio ndiyo kazi inayoua watu, kwa hiyo isome mara mbili. Njia sahihi ni kuvuta kwenda juu. Rudisha trekta hadi fremu ya uma ikaribie nguzo, zungusha mnyororo mara mbili kwenye nguzo karibu na ardhi, ufunge kwenye boriti ya fremu, karibu na kisigino, kamwe si kwenye ncha za meno. Trekta liwe limesimama, breki ya mkono imekazwa. Nyanyua kwa haidroliki peke yake, taratibu. Nguzo ya mkaratusi iliyokaa miaka mingi haitatoka mara ya kwanza. Mwagia maji kuizunguka jana yake, nyanyua, shusha, funga mnyororo chini zaidi, nyanyua tena. Pua ya trekta ikianza kuwa nyepesi, simama, chimba. Kosa linaloua ni kufunga mnyororo juu, kwenye mkono wa juu au kwenye fremu, halafu dereva akaondoa trekta kwenda mbele ili nguzo ing'oke. Nguzo ikikataa, pua ya trekta inapanda, trekta linabinuka kinyumenyume na kumlalia dereva kabla hajawahi klachi. Kuvuta kwa mwendo ni kwa ndoano ya chini tu.

Wachimba visima nao watakutafuta. Kalvati ya zege yenye kipenyo cha mita 1, ukuta wa sentimita 7.5 na kimo cha nusu mita ina kilo 280 hivi. Watu sita hushindana nayo. Uma unaibeba bila neno. Lakini iteremshie mbali na shimo, na kuiingiza kisimani kuachiwe wenye miti mitatu na winchi. Magurudumu ya nyuma yaliyobeba uzito wote huo yakikaribia ukingo, udongo unakatika, na kisima kinapata trekta ndani yake.

Wengine huongeza bomba nene katikati ya meno, litokeze nyuma kama mlingoti, waning'inize kulabu. Linafaa kutolea injini ya gari, au kuning'iniza ng'ombe aliyechinjwa wakati wa harusi badala ya kutafuta tawi la mti. Ila fanya hesabu upya: kulabu ikiwa mita 2.6 nyuma ya ekseli, ile ruhusa ya kilo 475 inashuka hadi kilo 292. Fahali mzima wa kienyeji anaweza kuzidi hapo. Mpasue kwanza.

Na kuna ng'ombe aliye hai. Ng'ombe wa maziwa akianguka baada ya kuzaa na kushindwa kusimama, mara nyingi ni homa ya maziwa, na anayehitajika kwanza ni daktari wa mifugo mwenye dawa ya kalsiamu, si trekta. Lakini akiwa ameangukia tope au jua kali inabidi asogezwe, na wengi humkokota kwa kamba ya shingo au miguu, wakamwongezea jeraha juu ya ugonjwa. Chukua mlango wa zamani au ubao mpana, uulaze mgongoni kwake. Watu wanne wamviringishe hadi alale juu yake, weka nyasi chini ya kichwa, funga miguu kwa kulegeza. Meno yapite chini ya ubao. Nyanyua sentimita 20 tu, uende mwendo wa mtu anayetembea, na mtu aliyezoeana naye atembee pembeni akimshika kichwa. Chotara wengi wa kwetu huwa na kilo 350 hadi 450. Yuko mpakani kabisa, kwa hiyo vizito vya mbele vifungwe kwanza.

Kuhusu uendeshaji nina machache. Mzigo usafirishwe chini, goti la mtu lisipitwe, na mkono wa juu ufupishwe kidogo ili ncha za meno zitazame juu na paleti iegemee fremu. Kwenye mlima, upande mzito ndio utangulie juu: panda kwa rivasi, shuka ukitazama mbele, pedali za breki zikiwa zimeunganishwa. Usikate kona kwenye mteremko. Hakuna mtu anayepanda juu ya meno, hata fundi wa taa anayeomba "dakika moja tu," na hakuna anayeingiza mguu chini ya mzigo, kwani haidroliki ya zamani huvuja na kushuka yenyewe. Ukizima injini, mzigo uwe ardhini.

Barabarani uma uvuliwe. Meno meusi yanayotokeza mita moja nyuma, usawa wa kifua cha dereva wa bodaboda, jioni, bila taa: huo ni mtego. Kama ni lazima uende nao kilomita mbili hadi shamba la pili, paka ncha rangi nyeupe na nyekundu, vika tairi kuukuu lililofungwa kitambaa chekundu, na uende mchana.

Je, kila mtu anunue? Hapana. Mwenye ekari mbili anayekodi trekta la kulimia atafaidika zaidi na toroli nzuri. Vikundi na ushirika wenye trekta moja wanapaswa kuwa nao, na mwenye trekta lake anaweza kuukodisha kwa saa wakati wa mavuno, kwa sharti kwamba dereva ni wake mwenyewe. Kabla hujampa fundi malipo ya kwanza, peleka trekta kwenye mizani, fanya hesabu, na ukishapata namba mbili, ya mzigo bila vizito vya mbele na ya mzigo pamoja na vizito, mwambie fundi aziandike kwa rangi nyeupe juu ya fremu, kubwa, mahali dereva anapotazama akigeuza shingo.